Picha za maua na daftari la shukrani: nyie huandika nini?

MwalimuMstaafu (Tanga): Habari za jioni wanajamvi. Tangu nistaafu, asubuhi napiga picha ya ua kwa simu, kisha naandika jambo la kumshukuru Mungu. Sasa kila ukurasa ni uzima, watoto, chakula, uzima tena. Naona kama najaza fomu ya benki. Mnafanyaje?

KijanaMakete: Shikamoo mama. Huku kwetu kuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, wengine huiita Bustani ya Mungu. Msimu wa mvua maua yanatapakaa, lakini nachagua moja tu. Napiga magoti, nasogea mpaka lijae kwenye kioo, na naandika kwanza ninachokiona: petali iliyotobolewa na mdudu, chavua iliyomwagika. Shukrani nazisubiri. Juzi okidi iliyojificha nyasini ilinikumbusha dada aliyenilipia ada bila kumwambia mtu. Nikampigia simu palepale, akadhani nataka hela!

BintiUnguja: Mama, jaribu asumini jioni linapofunguka. Na siku ukiamka na hasira, andika hasira. Nina ukurasa usemao "leo sishukuru kitu", picha yenyewe imetoka ukungu. Huo ndio ninaourudia zaidi.

MwalimuMstaafu: Marahaba mwanangu. Kuna mwalimu mwenzangu alishika vipindi vyangu nilipolazwa, kesho namtafuta. Binti, asumini ninalo dirishani, ila mbu wa hapa jioni hawana adabu.