Naomba ushauri: Mary wa Downton Abbey amenigombanisha na mke wangu

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunatazama Downton Abbey, ile tamthilia ya TV ya Uingereza. Tumefika msimu wa 6, pale mezani asubuhi. Bertie, anayetaka kumuoa Edith, hajui kwamba Marigold ni mtoto wake Edith wa kumzaa, aliyempata na yule mhariri Gregson. Mary, dada yake Edith, anachokonoa, uso mkavu, mpaka siri inatoka. Mke wangu akatua kikombe: "Huyu dada simtazami tena!" Nami, kwa kiherehere, nikamtetea: mwanamume anataka kuoa, angefichwa mpaka lini? Tangu juzi ni salamu tu humu ndani.

Mimi mwisho naujua, niliitazama zamani. Je, nimdokeze kwamba Bertie anarudi na Edith anaolewa, ili tuendelee? Au nisubiri hasira zipoe kwanza?