Siku tano Unguja na begi moja la mgongoni, nibebe nini niache nini?

BintiNjombe:
Habari zenu wadau. Mwezi wa kwanza mimi na mume wangu tunaenda Unguja siku tano, ndo mara yetu ya kwanza, siku mbili Mji Mkongwe halafu tatu Paje. Mume wangu kasema kila mtu begi moja la mgongoni basi, hataki kuburuta sanduku. Sasa mimi nimezaliwa Njombe, kabati langu lote masweta na majaketi, tangu jana napanga nguo kitandani natoa narudisha na zipu bado haifungi. Nimeweka jinzi mbili, magauni manne, taulo kubwa, raba, viatu vya kisigino vya jioni na shuka langu. Mnaoijua Zenji nisaidieni, kipi kinatoka?

Mtu wa Michenzani:
Karibu sana dada. Jinzi zote mbili zitoe leo hii. Mwezi wa kwanza huku ni kaskazi, joto lenyewe la fukuto, jinzi inakuganda mapajani na ukiifua jioni asubuhi unaikuta bado mbichi kiunoni na kwenye mifuko. Chukua madera mawili ya kitambaa chepesi, gauni moja, blauzi mbili na suruali moja pana ya pamba, unafua usiku kwa sabuni ya kipande asubuhi unavaa. Shuka na taulo acha, nyumba ya wageni watakupa, badala yake beba doti moja ya kanga na uikate na kuipinda kabisa kabla hujaja, kipande kimoja cha kujifutia ukitoka kuogelea kingine cha kujifunga, zote mbili zikikunjwa ni kama daftari tu. Na hili nakuomba kwa heshima, mjini funika mabega na magoti, na hata Paje ukishatoka mchangani kuingia kijijini jifunge kanga, pale watu wanaishi, kuna msikiti na watoto wanatoka chuo cha Kurani.

Kaka Temeke:
Shemeji msikilize mumeo. Mimi nilienda na sanduku la magurudumu, boti ni kama masaa mawili tu hiyo haikuwa shida, shida ilianza Mji Mkongwe, vile vichochoro gari haingii, teksi ikatushusha huko nje tukaanza kutembea na gurudumu moja likang'oka kwenye mawe, nikabeba sanduku begani mpaka gesti na jua la saa saba. Mashati saba nilobeba nilivaa matatu. Kitambulisho weka mfuko wa mbele maana tiketi ya boti wanakihitaji, usikizike chini ya nguo.

MamaWawili:
Raba na visigino vitoe, nunua yeboyebo, vile viatu vya plastiki. Paje maji yakipwa yanaenda mbali kwelikweli, hasa siku za bamvua mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, unaweza kutembea muda mrefu kabla hujalowa magoti, na huko kwenye mawe ndo wanakaa wale wadudu weusi wa baharini wenye miba. Mwanangu alikanyaga mmoja peku, miba ikakatikia ndani ya kisigino kama ncha za penseli, alilia sana yule mtoto nikawa sijui nifanye nini, mama mmoja wa pale akampaka utomvu wa papai bichi. Yeboyebo hazinyonyi maji, unazisuuza unavaa hizohizo kwenda kula. Beba pia losheni ya jua na dawa ya mbu, ila hamisha kwenye vichupa vidogo. Mifuko ya plastiki usije nayo, ni marufuku, nguo mbichi funga kwenye kanga.

BintiNjombe:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimetoa jinzi, taulo, shuka na viatu vyote, zipu imefunga na nafasi imebaki. Pole kwa mtoto dada MamaWawili. Swali la mwisho, sweta je? Basi linaondoka alfajiri na Makambako saa hizo kuna baridi.

Mtu wa Michenzani:
Hilo livae mwilini, lisiingie kwenye begi.

Kaka Temeke:
Na ukifika Mikumi utalivua mwenyewe shemeji. Kama una ndugu Dar liache kwake, utalipitia mkirudi.

BintiNjombe:
Shangazi yupo Mbagala, nampigia sasa hivi.