Moroko: niende mwaka huu au nisubiri Kombe la Dunia 2030?

kibegi_mgongoni

Habari zenu wadau, naombeni mawazo yenu maana hili jambo linanizunguka kichwani wiki ya tatu sasa na kila nikidhani nimeamua nalala naamka nimegeuza tena. Nina hela ya safari moja, moja tu, nimeikusanya kidogokidogo miaka mingi na sitarajii kupata nyingine karibuni, na nchi ninayoitaka ni Moroko. Sasa rafiki zangu wananiambia nitakuwa nimepoteza nikienda sasa hivi wakati 2030 wanaandaa Kombe la Dunia pamoja na Hispania na Ureno, wanasema subiri uue ndege wawili kwa jiwe moja, uone nchi na uone mechi, halafu kufikia hapo treni zitakuwa mpya na viwanja vya ndege vitakuwa vimepanuliwa na kila kitu kitakuwa kimepigwa rangi.

Upande wa pili kuna mama yangu. Ana miaka 68, amefundisha madrasa karibu maisha yake yote, na toka nikiwa mdogo alikuwa akitusimulia habari za Fatima al-Fihri na msikiti wa Qarawiyyin pale mjini Fes, ule anaosemekana kuuanzisha mwaka 859, na siku zote anamalizia kwa kusema angependa siku moja kuswali pale hata rakaa mbili. Nataka niende naye. Magoti yake yanamsumbua, anatembea ila polepole na ngazi hazipendi.

Mpira naupenda pia, sitadanganya, 2022 walipoingia nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, nililia kabisa. Kwa hiyo naulizia kwa wale waliowahi kutembelea nchi kabla ya mashindano makubwa, au wakati wenyewe wa mashindano, ilikuwaje? Oktoba hii au 2030?

tiketi_mkononi

Subiri ndugu yangu, mi nasema subiri. Nilikuwa Doha kwenye Kombe la Dunia, Novemba na Desemba 2022, na nakwambia hakuna kitu kama kuwa ndani ya nchi wakati dunia nzima imekuja kwake, mle kwenye treni ya mjini unakaa na watu usiowajua wanaimba kwa lugha usiyoielewa na mkishuka mnakumbatiana. Ile siku Moroko wamewatoa Hispania kwa penalti nilikuwa nje ya uwanja sina tiketi na bado ni usiku bora wa maisha yangu.

Sasa fikiria hao hao Wamoroko wanaandaa kwao. Wale watu wameomba Kombe la Dunia mara tano wakanyimwa, 1994, 1998, 2006, 2010 na 2026, ndio wakaja kupewa Desemba 2024. Ile furaha itakuwa imelimbikwa miaka zaidi ya thelathini! Na kwa Afrika ni mara ya pili tu baada ya Afrika Kusini 2010. Nchi utaiona siku yoyote, ila nchi ikiwa kwenye siku yake kubwa kuliko zote unaiona mara moja.

dada_ramani

Naheshimu alichosema tiketi_mkononi ila naomba niseme upande wangu, maana mimi nilifika Paris Julai 2024 siku chache kabla ya Olimpiki na nilienda kuangalia mji, sio michezo, na hapo ndipo nilipokosea.

Sherehe ya ufunguzi ilikuwa ifanyike mtoni, kwa hiyo kuanzia tarehe 18 hadi 26 kingo zote za mto Seine pale katikati zilizungushiwa uzio wa chuma na ili uingie eneo lile ulihitaji kibali chenye msimbo wa QR ambacho unaomba mapema kwenye mtandao. Sikuwa nacho. Nakumbuka nimesimama nimeshika ule uzio kwa mikono miwili, naona daraja ninalotaka kulivuka, hatua hamsini hivi, na askari kijana ananieleza kwa upole kabisa kwamba nizunguke. Vituo kadhaa vya metro vya eneo lile vilifungwa, tiketi ya metro ya safari moja ilipandishwa kutoka euro 2.15 hadi euro 4, na kanisa la Notre-Dame ambalo niliota kuliona toka shuleni bado lilikuwa limefungwa kwa matengenezo baada ya ule moto wa 2019, likaja kufunguliwa Desemba hiyo hiyo, miezi minne tu baada ya Olimpiki kuisha.

Tukio kubwa ni kama harusi, ukifika nyumba ya watu siku ya harusi utaona harusi, hutaona wenyewe wanavyoishi siku za kawaida, na pengine hutaruhusiwa hata kuingia chumba ambacho ungekaa nao mkanywa chai. Kama kinachokuvuta ni harusi basi nenda siku ya harusi. Kibegi, umeandika mistari miwili kuhusu mpira na aya nzima kuhusu mama yako, hebu rudi usome ulichoandika.

mzee_wa_reli

Mi nitazungumzia hili la "kila kitu kitakuwa kipya" kwa sababu watu wanalisema bila kulipima.

Ni kweli miundombinu inajengwa. Treni ya Al Boraq inayokimbia kilomita 320 kwa saa ipo toka 2018 kati ya Tangier na Casablanca, unatumia kama saa mbili na dakika kumi hivi, na Aprili 2025 wamezindua ujenzi wa kuiendeleza kutoka Kenitra hadi Marrakech, kilomita kama 430, ili iwe tayari kabla ya mashindano. Kule Benslimane nje ya Casablanca wanajenga uwanja wa watu 115,000. Sasa ujiulize, katika hivyo vyote ni kipi mama yako atakitumia? Treni mpya inaelekea Marrakech, nyie mnaenda Fes. Casablanca mpaka Fes treni ya kawaida ipo leo, inachukua karibu saa nne, mnakaa, mnaangalia mashamba, mama analala kidogo, mmefika.

Halafu kuna jambo la ujenzi kuisha dakika ya mwisho. Afrika Kusini ile treni ya Gautrain ya kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg ilifunguliwa tarehe 8 Juni 2010 na mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 11! Siku tatu. Mimi mwenyewe nilienda Rio, Brazil, 2012, nimevuka bahari kuja kuona uwanja wa mpira wa Maracanã, nikakuta umefungwa toka 2010 unaandaliwa kwa Kombe la Dunia la 2014, kreni zimesimama katikati na paa limeondolewa, nikapiga picha ya mabati nikarudi hotelini. Ulikuja kufunguliwa 2013, na mwaka huo huo watu wakaingia barabarani kuandamana, kilichoanzisha ni nauli ya basi.

Kwa hiyo kwa maoni yangu muda mbaya kuliko wote sio wakati wa mashindano wala sio miaka minne kabla, ni ule mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla hawajaanza, pale kila mtaa umechimbwa na hujapata bado hata hiyo raha ya mechi. Ukisema huendi sasa basi usije ukasogeza ukaenda 2029, hapo utakula vumbi tu. Oktoba hii uko salama, AFCON waliyoiandaa wao imeshapita Januari na vile viwanja vya Rabat, Tangier, Fes na kwingine vimeshatumika, kwa hiyo sehemu ya kelele za ujenzi imeisha.

tiketi_mkononi

Mzee wa reli hapo kwenye 2029 nakubaliana na wewe asilimia mia. Ila Gautrain ilifika kabla ya mechi, tusisahau.

mguu_njiani

Kuna kitu hamjakisema. Kombe la 2030 lipo nchi tatu, na zile mechi za mwanzo za kuadhimisha miaka mia zipo Uruguay, Argentina na Paraguay. Kwa hiyo timu unayoitaka inaweza kupangiwa Hispania au Ureno, na huko ni eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, visa nyingine kabisa, Moroko haimo. Ratiba hutaijua mpaka makundi yapangwe, tiketi za mechi ni za kuomba na bahati, na ukishaona umepata hoteli zimeshapanda. Urusi 2018 walirahisisha, ukiwa na kitambulisho cha shabiki unaingia bila visa, lakini Qatar ilikuwa kinyume, toka Novemba mosi hadi mashindano yanaisha mgeni wa kawaida asiye na kadi ya Hayya, ile kadi yao ya mashabiki, haingii. Kwa mtu mwenye safari moja tu hiyo ni kamari kubwa.

Na mnaokumbuka Olimpiki ya Tokyo mnajua. Watu walilipia kila kitu kwa ajili ya 2020, ikasogezwa 2021, halafu Machi 2021 wakatangaziwa watazamaji kutoka nje hawaruhusiwi. Hakuna aliyefanya kosa, lakini safari yako yote ikiwa imening'inia kwenye tukio moja, tukio likiyumba na wewe umeyumba.

Na lingine: mashindano yatakuwa Juni na Julai. Marrakech mwezi wa saba joto linacheza nyuzi 37, 38 na siku nyingine linapita 40, Fes nayo haiko mbali na hapo. Mtu wa miaka 72, maana ndio atakuwa nayo hapo, humtembezi kwenye hilo jua.

kibegi_mgongoni

Hiyo 72 imenipiga kifuani, nilikuwa sijaiandika kichwani kama namba. dada_ramani asante, nimerudi kusoma nilichoandika na uko sahihi.

Swali kwa waliofika Fes: nimesoma mji wa zamani hauingii magari kabisa. Mama ataweza? Na je akifika ataruhusiwa kuingia msikitini au ni wa kuangalia kwa nje?

dada_ramani

Fes nilifika, hapa naweza kukusaidia vizuri. Ni kweli magari hayaingii, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, na vichochoro vingine mabega yako yote mawili yanagusa ukuta. Ukisikia nyuma yako mtu anapaza sauti "balak, balak!" maana yake pisha, mvute mama ukutani muache nyumbu apite, usigeuke kwanza kuangalia.

Sasa la muhimu kwa magoti. Wageni wengi wanaingilia lango la Bab Boujloud lile la vigae vya bluu halafu wanashuka na mtaa wa Talaa Kebira mpaka chini msikitini. Kushuka unaona raha, shida ni kurudi, ni mlima mrefu wa mawe yaliyolainika kwa miguu ya watu. Usimpitishe huko. Chukua taksi ndogo, za Fes ni nyekundu, mwambie dereva akupeleke uwanja wa wazi wa R'cif, huko ni upande wa chini, kutoka pale mpaka Qarawiyyin ni mwendo mfupi na mnarudi hapo hapo kuchukua taksi nyingine. Mwambie awashe mita. Taksi ndogo zinabeba watu watatu mwisho, kwa hiyo nyie wawili na begi mnaenea bila shida.

Kuingia msikitini, misikiti mingi ya Moroko wasio Waislamu hawaruhusiwi, huo mmojawapo, mimi niliishia kuchungulia mlangoni nikaona uwanja wa ndani na chemchemi na mikeka. Mama yako ni Mwislamu ataingia kuswali kama mtu yeyote, aende wakati wa swala. Na jirani kabisa kuna madrasa ya al-Attarine, mpeleke, mtu aliyefundisha madrasa maisha yake yote akae pale dakika kumi aangalie ile nakshi ya ukutani. Wakati wa mashindano hapo patakuwa na misururu, atakaa wapi?

mzee_wa_reli

Nyongeza fupi, dirham, yaani pesa ya Moroko, hazitakiwi kutolewa nje ya nchi kwa wingi, kwa hiyo badilisha kidogokidogo ukiwa kule kule na utunze risiti. Na visa angalia masharti ya pasi yako mapema, kuna nchi hazihitaji, nyingine wanaomba kwa mtandao, usiamini ya kuambiwa hata na mimi, fungua tovuti yao rasmi.

tiketi_mkononi

Nimesoma yote. Kibegi, nafuta nilichosema, nenda na mama Oktoba. 2030 tutaangalia mechi zote kwenye TV na utakuwa unatuonyesha "hapo nimepita".

kibegi_mgongoni

Wadau leo mchana nimebuku ndege, Oktoba, mimi na yeye. Siku tatu Casablanca, zilizobaki zote Fes, Marrakech nimeiacha kabisa ili tusimkimbize.

Jioni nimemsomea majibu yenu kwenye simu, akasikiliza kimya, pale kwenye habari ya nyumbu akatabasamu kidogo, nilipofika kwenye uwanja wa R'cif akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akaenda chumbani nikadhani amechoka, kumbe ameenda kutoa viatu vyake vya raba vilivyokuwa juu ya kabati, akaanza kuvijaribu pale pale sebuleni anatembea taratibu kutoka kochi hadi mlangoni na kurudi. Kitu pekee alichouliza ni kama wanawake wanaingilia mlango wao tofauti pale Qarawiyyin na uko upande gani ukitokea R'cif. Kama kuna dada au mama humu ameshawahi kuswali pale anisaidie hilo, nimemwahidi nitampa jibu kabla ya Ijumaa.