Mteja wa Ujerumani anasema saiti yangu inamfuatilia, nifanyeje wakuu?

Binti_Ngamiani: Habari za jioni wakuu. Mie nauza vikoi na khanga hapa Tanga, mwaka jana nikamlipa kijana mmoja akanitengenezea saiti maana wateja wa nje walikuwa wanataka waone bei na walipe humo humo. Sasa juzi dada mmoja yuko Hamburg, kashanunua kwangu mara mbili, kaniandikia imeili ndefuu ati saiti yangu inamwekea kuki (vile vijifaili saiti inavyoacha kwenye simu au kompyuta ya mtu ili imtambue) kabla hajabonyeza chochote, halafu sera yangu ya faragha inasema kampuni ipo California. California! Nikaenda kusoma kumbe kweli, kijana kakopi kwa watu kabandika. Nikampigia, ananiambia dada usihangaike, weka kibango cha "Nakubali" kama wenzio yaishe. Yataisha kweli? Au nifunge saiti nibaki na WhatsApp tu?

Mzee_Gati: Hahahaa California ya Chumbageni hiyo. Pole binti.

kobe_mtandao: Wazungu wanakuza mambo. Nani atoke Ujerumani aje akushike Tanga sababu ya kuki? Uza vikoi dada.

Fundi_Seva: Mkuu kobe usimpotoshe mwenzio. Dada jionee mwenyewe kwanza: kwenye kompyuta fungua Chrome dirisha lile la siri, ingia saiti yako, usibonyeze kitu, gonga F12, nenda palipoandikwa Application halafu Cookies. Ukikuta _ga hiyo ya Google Analytics, ile ya kuhesabu wanaotembelea saiti, Google wameipangia miaka 2. Ukikuta _fbp hiyo ya Facebook, siku 90, ndo mambo ya mtu kuangalia kikoi kwako akifungua Facebook anakutana na kikoi. Kuki ya kikapu cha manunuzi haina neno, bila hiyo mteja akihama ukurasa kikapu kitupu, hata huko Ulaya huiombei ruhusa. Hizo mbili za juu ndo unaomba KWANZA, akikubali ndo ziwekwe. Kibango chenye Nakubali peke yake ni urembo tu, Wafaransa waliwapiga Google faini ya yuro milioni 150 na Facebook milioni 60, ikatangazwa Januari 2022, kisa kukubali ni mbofyo mmoja ila kukataa mpaka uzunguke. Na sheria yao ya Ulaya ya taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 2018, inamgusa hata wa nje akiwa anawauzia watu wa kule. We si umeweka bei za yuro?

Binti_Ngamiani: Nimeweka na yuro 🙈

kobe_mtandao: Hizo faini za Google bana, huyu mtaji wake marobota mawili.

Wakili_Kibarazani: Tuache Ulaya, hata kwetu ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili. Jina, simu, anwani, zote hizo taarifa binafsi. Sera andika mwenyewe, nusu ukurasa tu: unachukua nini, cha nini, unampa nani (anayesafirisha mzigo, wanaopokea malipo), unakaa nazo muda gani, na mtu akitaka zifutwe amtafute nani.

Mama_Leso: Binti samahani nikwambie ukweli, mie nakufuata Instagram, unaposti picha za bahasha za mizigo uonyeshe biashara inatembea, jina la mteja, mtaa, namba ya simu, vyote vinasomeka. Mwingine huko kamkimbia mume. Kuki zenyewe hazijamfanyia mtu hivyo.

Binti_Ngamiani: Jamani 😳 nimeenda kuangalia, zilikuwa 14, nimefuta zote, sikuwahi kufikiria kabisa. Na ile F12 nimefanya, _ga ipo, _fbp ipo, na nyingine nne majina hata siyajui. Hiyo ya Facebook itolewe tu, maana tangazo la kulipia sijawahi kuweka hata siku moja, sasa ilikuwa inamfuatilia mtu kwa faida ya nani? Ya Google nitaomba ruhusa, na Kataa iwe pembeni ya Nakubali. Dada wa Hamburg nimemwomba radhi, kasema atasubiri nikirekebisha ndo aagize vile vya Eid.

Ila kijana hapokei simu tena. Kuna mtu hapa Tanga anajua WordPress, ile programu ya kutengenezea saiti, na anasoma anachokibandika?