Naomba ushauri: bima wanataka mdogo wangu asaini, mguu bado una vyuma

Wandugu, salaam. Mdogo wangu anaendesha tuktuk ya mtu, akagongwa na pikapu karibu na soko la Kongowea. Abstrakti ya polisi (karatasi ya kuonyesha ajali imeripotiwa) tunayo, P3, ile fomu ya majeraha, imejazwa. Sasa wakala wa bima hampumzishi: saini, chukua pesa, yaishe. Karatasi yenyewe inasema hatadai tena, na daktari hajasema vyuma vitatolewa lini! Muda wa kushtaki ni miaka 3, kwa hivyo hii haraka ni yao.

Mliopitia Mahakama ya Madai Madogo, ile ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mlienda wenyewe ama na wakili? Tena mwenye tuktuk anamdai hesabu, ile pesa ya kumpelekea kila siku, ya siku alizolala hospitali. Hilo nalo lina kesi kweli?