"Kazi ya Mungu haina makosa": hata kivuko kikijazwa kupita uwezo?

Mleta mada:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukaniana dini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, watu wakirudi kutoka gulioni Bugorora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Hesabu hiyo haihitaji ufunuo. Lakini misiba ya namna hii ikitokea, anayeshika maikrofoni hakawii kutuambia kazi ya Mungu haina makosa, tushukuru kwa yote.

Hoja yangu ni kwamba kumsifu Mungu kwenye shida ni haki ya aliyefikwa na shida. Ayubu aliposema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, waliokufa walikuwa watoto wake mwenyewe. Hakwenda kwa jirani aliyefiwa kumwamuru aseme vile. Rafiki zake waliokuja kumtetea Mungu kwa maneno mazuri ndio waliokemewa mwishoni mwa kitabu. Sasa mwenye chombo au mkaguzi akiimba sifa mbele ya jeneza la mtu aliyekufa kwa uzembe, huyo anajificha nyuma ya Mungu.

Mwanakwaya:
Mkuu, umechanganya mambo mawili. Uchunguzi ni kazi ya polisi na tume. Msibani watu hawakuja kuandika ripoti. Nimekesha misiba mingi, na saa nane za usiku, wazungumzaji wakishamaliza maneno yao, kinachomfanya mama mfiwa anyanyue kichwa ni pambio. Zaburi ya 34 inasema kumhimidi Bwana kila wakati, haikuweka "isipokuwa". Ukingoja mambo yanyooke ndipo umsifu, hiyo ni sifa ya mshahara: mwisho wa mwezi haleluya, katikati ya mwezi kimya.

Mleta mada:
Pambio silipingi hata kidogo, hasa mama mwenyewe akilianzisha. Ila kitabu hicho hicho kina Zaburi ya 88, kilio mwanzo hadi mwisho, na mstari wake wa mwisho unaishia gizani. Mara ya mwisho kuisikia ikisomwa msibani ni lini? Tumechagua zaburi zinazotufaa sisi tuliokuja kutoa pole.

Msomaji wa Unguja:
Kwetu tunasema Alhamdulillahi ala kulli hal, yaani sifa ni za Mungu kwa kila hali, na msiba ukifika ni Inna lillahi, sisi ni wa Mungu. Hilo halina mjadala. Lakini Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na ndiye yule yule aliyesema subira njema. Mtume naye alimlilia mwanawe Ibrahim. Kwa hiyo anayemnyamazisha mfiwa kwa jina la imani sijui kaitoa wapi.

La pili ni hili la kadari. Bedui alipouliza amwache ngamia wake akimtegemea Mungu, Mtume alimwambia amfunge kwanza. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imejaza kupita kiasi. Ngamia hakufungwa. Ajali ni kadari, naamini hivyo, na aliyeruhusu abiria wa ziada wapande naye ataulizwa, hapa na kule.

Mwanakwaya:
Hapo sina ubishi, sheikh. Ninachokataa ni kumfanya kila anayesema "Mungu ni mwema" msibani aonekane kibaraka wa wazembe.

Mhubiri wa kijijini:
Mimi ndiye hushika hiyo maikrofoni. Mnadhani tunasema kwa kupenda, kumbe mara nyingi familia inanifuata kabla ya ibada: mchungaji, usituongezee machungu, usimtaje dereva. Na wengine ndugu zao wako kazini kwenye ofisi hizo hizo, wataogopa. Siku hizi ile sentensi siianzishi mimi. Mfiwa akiisema, namwitikia amina, maana ni yake. Nataja jina la marehemu, naomba, nakaa. Lakini msinitake nisimame makaburini kuwasomea watu uwezo wa kivuko. Pale si mahali pake.

Mleta mada:
Makaburini nimekuelewa, mchungaji. Na Jumapili inayofuata, mimbari ikiwa yako na mwenye kivuko amekaa kiti cha mbele?