Watoto wa Mama Kulwa 🐟

Shija 06:12
Shikamooni wakubwa. Naomba msome, msipite tu. Nyayo za mama zimekuwa nyekundu kama zimemwagiwa uji wa moto. Jana soksi iliganda kisiginoni, kuivua ikaja na ngozi. Anatembea kwa kushika ukuta.

Shija 06:13
Viganja navyo. Kikombe cha chai anakishikia kanga.

Shija 07:40
Tiki za bluu naziona jamani.

Shangazi Nyanzala 08:02
Marahaba. Aloweke kwenye maji ya moto na chumvi. Mimi yangu ilivyovimba ndivyo nilivyofanya.

Shija 08:04
Hapana shangazi 🙏 joto ndilo linazidisha. Ni vile vidonge vyake vya saratani, kapesitabini. Maji yawe ya baridi, ajikaushe kwa kugusagusa. Krimu ya yurea apake pasipochubuka, asisugue. Na miguu aiweke juu ya mto.

Kelvin 08:09
Bibi Yanga damu, leo Simba wamemwingia mpaka nyayoni 😂😂

Doto 08:10
🤣🤣 Kelvin utalaaniwa

Shija 08:15
Kelvin, viatu ndiyo hoja. Bado anavaa vile vya kanisani vinavyobana. Anataka ndala laini, pana, na soksi za pamba. Nani anatuma hela?

Shija 10:20
Kimya. Haya. Nimempigia nesi wa kliniki. Kasema kidonge cha jioni asimeze, kesho aletwe Bugando aonwe, asisubiri tarehe yake. Daktari ataamua apumzike siku ngapi, au wampunguzie dozi. Mama kakataa! Leo siku ya 11 kati ya 14, anasema zimebaki 3, atamaliza. Kumbe hata mzunguko uliopita nyayo zilikuwa zinawaka, akaulizwa, akajibu "mzima". Anaogopa watamkatia dawa.

Doto 10:31
Huyo ndiye mama yetu. Mnakumbuka lile jino? 🤣

Shija 10:33
Kaka Kulwa, kesho si unatoka Geita na Noah kuja Mwanza? Sengerema unapita mlangoni kwake. Daraja lipo, si enzi za pantoni.

Kulwa 13:05
Nimeona. Gari lina mzigo.

Shija 13:05
Mzigo gani unaomzidi mama?

Kulwa 13:11
Usianze. Baba alivyozidiwa tulilala Busisi mimi na yeye tukisubiri pantoni. Wewe ulikuwa wapi?

Shija 13:12
Darasa la sita, kaka.

Doto 13:20
Na wale ng'ombe wawili waliouzwa wiki ile, mpaka leo hesabu hatujaiona 👀

Kulwa 13:22
_Ujumbe huu umefutwa_

Kelvin 13:23
Nimewahi kuusoma 😂

Baba Mkubwa Mabula 15:48
Nimesoma yote. Ng'ombe niliwauza mimi. Mmoja ni sanda na jeneza la mdogo wangu. Wa pili amemsomesha huyu anayewapigia kelele tangu alfajiri. Nisisikie tena habari hiyo. Shemeji nimeshaongea naye, kidonge cha leo hamezi. Kulwa, mzigo ushushe.

Doto 16:30
Shikamoo baba mkubwa.

Shangazi Nyanzala 16:41
Wabeja kaka 🙏

Shija 17:02
Asante baba mkubwa. Hilo la ada sikuwahi kuambiwa.

Kulwa 20:14
Anatakiwa afike saa ngapi?

Shija 20:14
Saa 2 asubuhi. Asitembee mpaka barabarani, ingiza gari hadi uani.

Kulwa 20:31
Pale kuna tope. Nitaangalia.

Doto 20:40
Hela ya ndala nitarusha Ijumaa mambo yakikaa sawa.

Kelvin 21:15
Ma'mdogo, bibi anavaa namba ngapi? Nipo Makoroboi.

Shija 21:16
39. Chukua 40.

Kelvin 21:18
Zimebaki nyekundu tu 🙈

Shija 22:47
Kaka, tope la wapi? Wiki nzima hakujanyesha.